Kontroo namba: imeua chai dirishani, mlangoni bado ipo

Naanza na nyota ili mwenye haraka asome aondoke. Mfumo wenyewe wa kulipa serikali kwa kontroo namba naupa nne kati ya tano. Watu tunaouzunguka, yaani wale wa upande ule wa meza na sisi wa upande huu, tunapata mbili, na kwenye hizo mbili mimi mwenyewe nimo, nitaeleza huko mbele.

Kwa ndugu zetu mliokaa nje miaka mingi mkirudi Tanzania mnashangaa mbona ofisini hakuna anayepokea hela taslimu, ni hivi. Kuanzia 2017 malipo ya serikali yalianza kuhamishiwa kwenye mfumo mmoja wa Wizara ya Fedha unaitwa GePG, na kinachokufikia wewe mwananchi ni ankara yenye namba ya malipo, mtaani tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Unaenda nayo kwa wakala, unaenda nayo benki, au unakaa kwenye kochi unabonyeza *150*00# au *150*60# kutegemea laini yako, unaingia kwenye malipo ya serikali, unaweka namba, unaweka kiasi, umemaliza. Hela haipiti mkononi mwa mtu. Na kama umeanza kwenda ofisi za serikali juzi juzi huwezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Sisi wa madirishani tunajua. Kulikuwa na dirisha lina nondo na kitundu chini, ndani kuna mtu na kitabu cha stakabadhi chenye kaboni, unapenyeza hela yako anakwambia kitabu kimeisha njoo kesho, au chenji hana, au anakuandikia kwenye kikaratasi anakwambia ile yenyewe utaikuta wiki ijayo. Mwaka mmoja nililipa ushuru elfu arobaini, stakabadhi yangu ikaandikwa elfu arobaini vizuri kabisa, miezi mitano baadae naitwa kwamba nadaiwa, kufungua kitabu chao nakala ya chini inasoma elfu nne. Aliyeandika alishahamishwa. Nina karatasi halali mkononi lakini nikaambiwa nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa, nikaleta, nikaambiwa subiri, mwisho nikalipa tena ile elfu thelathini na sita kwa sababu nilikuwa nimechoka na duka limefungwa siku ya tatu. Hiyo hela ya kwanza haikwenda kwenye dawati la shule wala kwenye barabara, ilikwenda kwa mtu. Sasa zidisha kwa watu waliopanga foleni ile na kwa miaka yote ile.

Kwa hiyo nikisema mfumo huu una nyota nne sisemi kwa kupendezesha. Ule mchezo wa kaboni haupo tena kwenye kontroo namba, hakuna pa kuuchezea, maana wewe na serikali mnaona kiasi kilekile.

Leseni ya biashara ndio imenifurahisha kuliko vyote na sina mengi ya kusema kwa sababu jambo likienda vizuri halina hadithi. Nina duka dogo la vifaa vya umeme. Zamani kuhuisha leseni ilikuwa siku mbili za kuzunguka, bwana afya ana lake, bwana biashara ana lake, mtendaji ana lake, kila mlango una soda yake. Safari hii nimeingia kwenye TAUSI, ule mfumo wa TAMISEMI, saa nne usiku watoto wamelala, nikaweka TIN, nikaweka namba ya NIDA, nikaweka karatasi ya TRA, kontroo namba ikaja, nikalipa, basi. Sikuona sura ya mtu na hakuna mtu aliyeona yangu. Hapo ni tano kati ya tano na ningeweza kuishia hapa.

Lakini nina hati ya kiwanja, na hati ya kiwanja ndiyo iliyonifanya nikae niandike haya yote.

Mtaa wetu ulipimwa, mawe yakawekwa, majina yakabandikwa ofisi ya mtaa, na mimi nikaenda kuomba hati kwenye halmashauri, sitaitaja, maana sina ugomvi na jengo na naamini anayesoma hii ana ya kwake. Ankara ikatoka ina kila kitu ndani, ada ya upimaji, maandalizi ya hati, usajili, ushuru wa stempu, kodi ya pango la ardhi ya mwaka, jumla laki nne na kidogo. Nikalipa hapohapo kwenye korido kwa simu, dakika tano, stakabadhi ikaingia. Nilitoka pale nimenyanyua kichwa kabisa, nikampigia wife nikamwambia nchi imebadilika.

Baada ya mwezi nikarudi. Karani wa masijala, mdada mstaarabu tu wala hana maneno makali, akaniambia jalada lako halionekani baba, labda lipo kwa mchora ramani. Nikarudi wiki ijayo, mchora ramani ameshamaliza, sasa mtandao unasumbua. Wiki nyingine mtandao upo ila afisa yuko semina Dodoma. Afisa amerudi ila jalada tena halionekani. Nilienda mara tisa, nazijua kwa sababu kila nikienda nafunga duka na kwenye daftari la mauzo siku hizo zina mstari. Hakuna hata mmoja aliyeniomba hela, nisisitize hilo. Mtu mzima unakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili na juu ya kichwa chako kuna bango limeandikwa RUSHWA NI ADUI WA HAKI kwa herufi nyekundu, na kila anayepita anakwambia pole mzee.

Mara ya tisa yule mhudumu anayegawa chai, chai ya kikombe, akanisindikiza mpaka nje akaniambia kwa sauti ya chini, mzee wangu una hasira sana, muone yule kijana pale chini ya mwembe.

Kijana ana bahasha ya kaki na simu mbili. Shikamoo mzee. Marahaba. Ya kwako ni ya kawaida au ya haraka? Nikamuuliza ya kawaida ni muda gani, akanitazama kama vile nimeuliza mvua itanyesha lini. Ya haraka ni laki moja na nusu. Nikamwambia mimi nimeshalipa serikali kila kitu kwa kontroo namba, hii hapa meseji. Akasema mzee hiyo ni ya serikali, hii ni ya kuamsha jalada, na wala si rushwa mzee, ni vijana wanahangaika.

Tukashuka mpaka elfu themanini na nikatoa.

Nimeiandika hiyo sentensi peke yake kwa sababu nataka isomeke. Sheria yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007 haimbani anayepokea peke yake, anayetoa naye ana kosa lilelile, na mimi nilijua hivyo wakati natoa. Keshokutwa yake nikapigiwa simu, jalada lipo mezani kwa afisa. Nilipoliona lina vumbi la miezi saba juu ya jalada na chini yake safi, yaani halikuwahi kwenda kwa mchora ramani wala popote, lilikaa mahali pamoja muda wote likinisubiri mimi nielewe. Wiki mbili baadae hati ikatoka.

Na kitu kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Ile elfu themanini sikutoa taslimu, kijana alisema nitumie kwenye simu mzee. Simu ileile niliyolipia serikali ndiyo niliyotumia chai. Meseji zote mbili bado ninazo, moja ina namba inayoanza na 99 na nyingine ina jina la kijana, laini ileile, kiwango kilekile cha kujiamini kwenye meseji, imethibitishwa, umetuma. Sijazifuta.

Hapo ndio nikaelewa hasara iliyobaki kwenye mfumo huu na kwa nini sikuweka nyota ya tano. Kontroo namba imetenganisha hela na mkono, lakini haikutenganisha jalada na mkono. Zamani mtu alikuwa anauza nafuu ya ada, ulikuwa unamlipa ili serikali isilipwe yote. Sasa ada inalipwa yote mpaka senti ya mwisho na anachouza ni muda wako. Popote ambapo kazi inaisha ndani ya kompyuta, kama ile leseni, chai imekufa. Popote ambapo lazima mtu asimame, afungue kabati, apige mhuri, aje site kukagua, chai imehamia hapo na imepanda bei, kwa sababu wale wa dirishani waliokosa nao wamesogea huko huko. Ukitaka kujua ofisi fulani imesafishwa au haijasafishwa usiangalie kama wana kontroo namba, uliza baada ya kulipa karatasi yangu inapita kwa watu wangapi.

Halafu kuna lugha, na hapa naomba mnivumilie kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Kwenye safari zote zile neno rushwa nililiona kwenye bango tu. Hakuna mdomo uliolitamka isipokuwa yule kijana, na yeye alilitamka kulikana. Tuna maneno mengi ajabu. Chai, soda, maji, vocha, nauli, mafuta ya pikipiki, asante, kitu kidogo, ya kuamsha jalada, tuone tunasaidianaje, ongea vizuri, ongea kiutu uzima. Hilo la kiutu uzima linanichoma zaidi, maana lina maana ya kwamba anayekataa ni mtoto. Kijana wetu wa miaka 24 akienda kuomba kazi au field anaambiwa aongee kiutu uzima, na kama ni binti ndio usiseme, kuna watu wanataka kisicho hela, na sheria hiyohiyo ya 2007 ina kifungu chake kabisa cha rushwa ya ngono, lakini binti anaambiwa na shoga zake kwamba jiongeze.

Na hatujaanza jana. Methali tulizofundishwa shule ya msingi tukaziimba mbele ya mwalimu, penye udhia penyeza rupia. Rupia! Hiyo hela imeacha kutumika hata babu yangu hajaoa. Kwa hiyo muda ule mtu alishaona kwamba mbele ya udhia unapenyeza, na neno ni penyeza, sio lipa, kitu unachokifanya kwenye kitundu wakati wengine hawaoni. Mkono mtupu haulambwi. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Nimesikia hiyo ya mbuzi ikisemwa kwenye kikao cha familia, mtu mzima akimtetea mtoto wa ndugu aliyefukuzwa kazi kwa wizi wa mafuta, na watu wakaitikia kwa vichwa. Mali ya serikali tunaiita shamba la bibi. 2008 tukapata vijisenti, neno la waziri kuhusu hela yake ya akaunti ya nje, baadae sakata la Escrow likatupa hela ya mboga, na kila likija jipya tunalipokea tunalitumia mpaka linakuwa tamu mdomoni.

Upande wa pili wazee haohao walitufundisha tofauti. Mwana TANU alikuwa anaahidi, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Baba yangu aliijua kwa kichwa, aliisema akiwa amesimama. Nayo ni yetu, haikuletwa na mfadhili. Kwa hiyo mtu akiniambia huu ndio utamaduni wetu Watanzania huwezi kuubadilisha, namuuliza upi, maana vyote viwili vimetoka nyumba moja.

Serikali yenyewe imekuwa ikivutwa pande zote mbili. 1996 Tume ya Jaji Warioba ilikaa ikasikiliza watu nchi nzima, ikatofautisha rushwa ndogo ya mtu ambaye mshahara haufiki tarehe kumi na rushwa kubwa ya mtu ambaye ana kila kitu na bado anataka. Halafu 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa ikaruhusu takrima, kwamba mgombea kulisha na kunywesha wapiga kura ni ukarimu wetu wa kiafrika. Sheria ya nchi ikaandika soda kwa jina zuri! Ikachukua mpaka 2006 Mahakama Kuu kuifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu kwenda kushtaki. Miaka sita. Mtu aliyekuwa darasa la kwanza takrima inaruhusiwa alimaliza karibu shule nzima ya msingi akiona fulana na pilau ndio kampeni.

Sasa nirudi kwetu sisi wa upande huu wa meza maana nilisema nyota mbili ni zetu wote.

Barabarani. Faini ya kosa kwa gari ni elfu thelathini, inatoka kwenye kimashine na kontroo namba yake, unapewa siku za kulipa, ukichelewa inaongezeka, na unaweza kuingia mtandaoni ukaweka namba ya gari ukaona gari linadaiwa nini. Ni mfumo mzuri na umewekwa wazi. Nimepanda magari ya watu wengi na nimeona nani anaanza. Dereva ndiye anaanza. Gari halijasimama vizuri ameshakunja noti ya elfu tano kwenye leseni, afande tusaidiane, afande nina haraka, afande mimi nawahi msiba. Nimewahi kumwona askari, kijana tu, amesimama na kimashine chake anamwambia dereva wetu mimi nakuandikia ulipe kwa kontroo namba, na dereva akakasirika, akasema kwenye gari huyu askari ana roho mbaya, na abiria tukakubali kwamba ana roho mbaya. Elfu thelathini na elfu tano, hesabu ya mtu mfukoni ni rahisi. Yule askari aliyefanya kazi yake sawasawa alionekana adui na gari zima, na mimi nilikuwa siti ya pili nikakaa kimya.

Dukani. Mashine za EFD, zile za kutoa risiti za kodi, zimeingia tangu 2010 na wimbo wa TRA kila mtu anaujua, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nenda hardware yoyote na orodha ya ujenzi usikie swali la kwanza, bosi na risiti au bila risiti? Bei mbili. Nilipokuwa napaua nilikuwa na mabati na misumari na mbao, tofauti ikawa zaidi ya laki mbili, nikachukua bila risiti. Kodi ya VAT asilimia 18 ilikuwa ni ya kwetu wote na mimi na yule muuzaji tukagawana pale juu ya kaunta tukapeana mikono. Na kuna ule mchezo mwingine wa kukupa risiti ya elfu tano wakati umenunua vitu vya elfu themanini na tano, na wengi hatuangalii, tunakunja tunaweka mfukoni kwa ajili ya askari wa njiani asitusumbue. Kwenye duka langu nimeacha kuuliza swali hilo toka mwaka juzi, bei ni moja na risiti inatoka. Nimepoteza wateja, sitasema uongo, mafundi wawili waliokuwa wanachukua kwangu waya na swichi kila wiki wamehamia jirani. Wananiambia kaka umekuwa mgumu. Siku nyingine jioni nikipiga hesabu naona kweli nimekuwa mgumu na ada ya mtoto inakuja.

Kwa hiyo namuelewa karani pia. Nimekutana nae msibani mtaa wa pili, yule mdada wa masijala, alikuwa jikoni na kina mama anapakua wali, amefunga kanga mbili, ametoa mchango na amekuja mapema. Si mtu mbaya. Ana michango ya harusi tatu kwenye simu kama sisi sote, na kwenye kikao cha harusi mtu anayefanya kazi ardhi anasomewa kiwango cha juu kabla hajafungua mdomo, kwa sababu wote tunajua, tunamhesabia mpaka chai ambayo hatujui kama anaipata. Tukishamwandikia laki mbili mtu mwenye mshahara wa serikali tunategemea azitoe wapi? Hilo nalo ni letu.

Ndio maana namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ambayo ni bure kupiga, nimeihifadhi kwenye simu na sikuipiga. Naujua utaratibu, unatoa taarifa, wanaweza kuweka mtego wa hela zilizowekewa alama, mtu anakamatwa. Nilimfikiria yule mdada kwenye sufuria la wali na nikamfikiria mhudumu wa chai na nikashindwa, na huku nikijua kwamba mzee anayekuja nyuma yangu kwenye benchi ndiye analipia huruma yangu. Sijapata jibu la hilo.

Kwa anayetaka kutumia mfumo huu, machache ya kweli kutoka kwangu. Kontroo namba ni tarakimu 12 inaanza na 99, ukipewa namba inayoanza na 06 au 07 hiyo ni simu ya mtu, hata kama anayekupa amevaa kitambulisho na yuko ndani ya ofisi. Ule usemi wa nitumie mimi nitakulipia mwenyewe usikubali, ni ndugu wa zile meseji za matapeli za ile pesa tuma kwenye namba hii, tofauti ni kwamba huyu unamuona sura. Dai ankara iliyochapwa kabla ya kulipa usome kila mstari, mimi kwenye ya hati nilikuta kitu nimeandikiwa mara mbili na waliposahihisha ilishuka. Stakabadhi piga picha. Kila ukienda ofisini andika tarehe na jina la aliyekuhudumia mbele yake, taratibu, bila ugomvi, muulize jina lako nani dada yangu nije kukuulizia wewe. Nimeona kalamu inafanya kazi kuliko makelele. Na wakusanya ushuru wa masokoni wenye vimashine vya POS, dai karatasi itoke, kwa sababu ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimekuwa zikirudia kusema kuna makusanyo ya halmashauri yanayokusanywa na hayafiki benki, na karatasi yako ndiyo inayoacha alama.

Ningeulizwa nini kiongezwe ili nitoe nyota ya tano, ningesema kitu kimoja tu, namba ileile ya malipo inionyeshe jalada langu liko kwa nani na tangu tarehe ngapi. Nikibonyeza nione, limekaa kwa mchora ramani siku 3, limekaa masijala siku 140. Hela yangu inafuatiliwa mpaka senti, karatasi yangu inaachwa itembee gizani. Wakiweka hilo yule kijana wa chini ya mwembe atatafuta kazi nyingine, na ana akili, ataipata.

Nimeandika leo kwa sababu kesho naenda tena. Mama yangu nae kiwanja chake kimepimwa, kontroo namba yake tumelipa mwezi wa tatu, na safari hii nimeapa sitoi, hata ikichukua mwaka. Nilimwambia hivyo jana jioni, nikamweleza kila kitu, meseji mbili nikamwonyesha. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu leo asubuhi nimemkuta anafunga elfu kumi kwenye pindo la kanga, fundo dogo, vilevile alivyokuwa akifunga nauli yangu ya shule. Nimemwambia mama hiyo iache nyumbani. Akasema mwanangu wewe una miguu ya kwenda mara tisa, mimi sina.

Fundo hajalifungua.